Mfagizi wa Maabara Aliyesahihisha Ubao

Ndugu jamaa, majirani na wanafunzi wa zamani, marehemu alituagiza kwamba historia yake isomwe polepole na isitiwe chumvi, kwa hiyo tusiyokuwa na hakika nayo tumeyaacha, na yaliyobaki tunayasema kama yalivyotokea.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Ioni, alizaliwa tarehe 11 Machi 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa kifungua mimba wa fundi sabuni na mkewe mshonaji, akaanza shule mwaka 1956, akasoma vizuri hadi mwishoni mwa mwaka 1964, mama yake alipopooza upande mmoja, naye akaiacha shule akiwa na miaka kumi na mitano ili awalee wadogo zake watano.

Tarehe 2 Februari 1967 aliajiriwa kuwa mfagizi katika shule ya sekondari ya jirani, akakabidhiwa maabara ya kemia, chumba chenye meza nane zilizoliwa na asidi, sinki moja inayovuja na dirisha lisilofungika, na kwa kuwa vyombo vya kioo vilioshwa vipindi vikiendelea, alisikia masomo yote akiwa amewapa wanafunzi mgongo. Asubuhi moja ya Juni 1969, mwalimu wa kemia, mzee mwenye sifa ya ukali, alichora atomu ya sodiamu ubaoni, akaweka elektroni tatu kwenye mzunguko wa kwanza, saba kwenye wa pili na moja nje, akatoka kunywa chai. Marehemu alisimama mbele ya ubao na ndoo yake mkononi, akijua fika kwamba mfagizi aliyemtangulia aliponzwa na mdomo, kisha akaifuta ile michoro, akaweka mbili, nane, na moja nje.

"Nani ameshika ubao wangu?" mwalimu aliuliza aliporudi.

"Ni mimi, mwalimu. Mzunguko wa kwanza unabeba mbili tu."

Mwalimu alihesabu kwa kidole, akahesabu tena, akamwambia aweke ndoo chini na akae, na kesho yake akamletea kitabu chake mwenyewe, ambacho jalada lake lilikuwa limeshikwa kwa plasta ya jeraha. Marehemu alifanya mtihani kama mtahiniwa wa nje mwaka 1972 akaanguka hisabati, akarudia mwaka 1974 akafaulu, akaingia chuo cha ualimu mwaka 1976, na tarehe 8 Januari 1979 akarejea kwenye maabara ileile, safari hii akiwa na chaki.

Kila mwaka, katika kipindi chake cha kwanza, aliwapa wanafunzi wapya punje chache za chumvi ya jikoni walambe, kisha akawaambia, "Mmelamba metali inayolipuka majini pamoja na gesi inayoua, na wote mko hai. Leo tutajua kwa nini." Ndipo alipoeleza jinsi sodiamu inavyotoa elektroni yake moja ya nje, jinsi klorini inavyoipokea, jinsi kila moja inavyogeuka ioni, yaani atomu yenye chaji, na kutulia, na jinsi chaji zinazopingana zinavyoshikana, na waliokuwa darasani mwake wanasema hakuna aliyethubutu kusinzia.

Mwaka 1980 alimwendea seremala mmoja wa mtaani amchongee tufe za mbao za kufundishia, kaboni ikiwa na matundu manne, oksijeni mawili na hidrojeni moja, na seremala akatoboa kaboni zote matundu matatu, akijitetea kwamba kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi. Alirudishiwa kazi yake mara mbili, na mara ya pili akaomba aelezwe kwa kirefu, na maelezo hayo yalichukua miezi kadhaa, wakafunga ndoa tarehe 4 Oktoba ya mwaka huohuo, wakajaliwa binti mwaka 1982, ambaye ni muuguzi, na mwana mwaka 1986, ambaye ni fundi bomba. Marehemu alistaafu tarehe 11 Machi 2009.

Mwishoni mwa mwaka 2018 figo zake zilishindwa kazi, na kuanzia Januari 2019 alisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Dereva wa lori aliyelazwa kitanda cha pili alimuuliza kwa nini wamekatazwa ndizi, naye akamweleza kwamba zina potasiamu, kwamba ikiwa metali huwaka juu ya maji, ikiwa ioni ni tulivu na mwili unaihitaji, ila ikizidi kwenye damu huusimamisha moyo. Kila aliporudi nyumbani na kipimo cha potasiamu mumewe alimuuliza, "Namba imeshuka?" naye akajibu, "Imeshuka," akaenda kulala. Tarehe 23 Mei 2021, saa mbili asubuhi, moyo wake ulisimama, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Tulipopanga karatasi zake za hospitali tuliona kwamba kwa miezi mitano ya mwisho namba ile haikushuka hata mara moja, na mwanamke aliyesahihisha walimu, wakaguzi na hata lebo za dawa alikuwa akimdanganya mumewe siku tatu kila wiki. Binti yake alimpelekea baba karatasi hizo kwa hofu. Baba alizipokea, akazikunja bila kuzisoma.

"Nilizisoma zote, mwanangu, akiwa amelala," alisema. "Si alinifundisha mwenyewe? Lakini alikuwa anachoka sana. Nikaona nimwache aseme imeshuka, angalau apate usingizi."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha mashine, dereva wa lori aliyemshikia nafasi kwenye foleni, majirani walioteka maji na kufagia uwanja huu tangu juzi, na walimu wenzake waliofunga maabara leo ili wafike. Mume wake ameomba asisemewe neno, amekaa hapa mbele.

Mama, umefanya kazi ya kutosha. Sasa pumzika, tena kwa amani.