Mama Mizani na Uwanja wa Nyuma ya Kliniki

Tarehe 30 Juni, muuguzi wetu wa kliniki ya watoto, anayejulikana na wote kama Mama Mizani, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kamati ya sherehe imeniagiza mimi, mtunza stoo ya dawa, niandike wasifu wake, na ikasisitiza uwe mchangamfu. Nitajitahidi. Lakini nina hasira, na anayestaafu mwenyewe kaniambia nisiifiche.

Alianzia wodi ya wazazi, akahamishiwa kliniki ya watoto kwa sababu, wanavyosema wenzake wa enzi hizo, sauti yake iliwaamsha waliojifungua. Huku sauti ikapata kazi. Mtoto aliyegoma kupanda mizani aliimbiwa wimbo wa hovyo kuhusu pua yake hadi akasahau kulia. Siku moja mganga mkuu alipita na wageni, naye akaimbiwa pua yake. Tulivunjika mbavu. Mganga mkuu alicheka wiki iliyofuata.

Siku zile tatizo lilikuwa watoto waliokonda. Kila uzito ulisomwa kwa sauti, na ukipanda foleni nzima ilipiga makofi, Mama Mizani akiwa kiongozi. Mwisho wa mwaka mtoto mzito kuliko wote alipigwa picha ya kutundikwa ukutani, akapewa katoni ya juisi ya sukari kutoka kampuni iliyojitolea kutufadhili. Miaka ikapita, watoto wakabadilika, sisi tukaendelea kupiga makofi.

Ndipo akaja Bosi. Hilo ndilo jina tulilompa mshindi mmoja, binti wa mshonaji wa kiwandani, kwa jinsi alivyojikalisha kwenye picha. Alipofika miaka minne alirudi akihema kwa kupanda ngazi za baraza tu, na mama yake akaeleza kwamba usiku anakoroma mpaka pumzi inakatika. Daktari wa zamu akamgombeza mama wa watu mbele ya foleni, eti anamlisha mtoto bila akili. Mama hakupandisha sauti.

"Dokta," alisema, "si ninyi ndio mliompigia makofi?"

Mama Mizani alizishusha picha zote siku hiyohiyo, kisha akamsindikiza yule mama hadi kwake. Alikuta chumba kimoja kinachotazama barabara ya malori. Mama huondoka alfajiri, na jirani humlinda Bosi kwa kumfungia ndani na televisheni, maana nje atagongwa. Duka la chini lina chipsi, mikate ya sukari na soda. Mboga ziko sokoni, na soko hufungwa kabla zamu ya kiwandani haijaisha. "Hebu niambie mzembe hapo ni nani," aliniuliza kesho yake, akaipiga meza yangu mpaka vidonge vikaruka.

Tangu hapo hakuwa na simile. Katoni zilizofuata alizirudisha na gari lililozileta. Kwenye semina moja mtaalamu mgeni alituonyesha jinsi watoto wa chekechea wanene kupita kiasi wanavyoongezeka katika mitaa ya watu wa kipato kidogo, akataja sababu kuwa "uelewa mdogo wa wazazi". Mama Mizani akasimama kumuuliza kama amewahi kuinjika maharage baada ya kushinda kwenye cherehani kutwa nzima. Mtaalamu akatazama saa yake. Tukaitwa kwenye mapumziko, tukanywa soda na keki.

Kazi yake kubwa ni uwanja wa nyuma. Palikuwa jalala la vitanda vibovu. Yeye na dereva wetu waliviondoa, wakafukia matairi nusu ardhini na kufunga kamba za kubembea. Siku za kliniki watoto hucheza hapo wakisubiri, na siku nyingine geti huachwa wazi kwa watoto wa mtaa, bibi zao wakipokezana kuwaangalia. Bosi alijifunza kukimbia hapo. Sasa yuko darasa la pili na huwafokea wadogo wanaokaa kivivu, kwa sauti ninayoijua ilikotoka. Mtaa mzima hauna mahali pengine pa mtoto kukimbia.

Sasa sikieni. Uongozi umetangaza kwamba kuanzia Julai uwanja huo utakuwa maegesho ya magari ya watumishi, kwa kuwa "msimamizi wake anastaafu". Kokoto zitalipiwa na ileile kampuni ya juisi, mradi ukuta uchorwe chupa yake. Hivi hatuna haya? Kamati ilimuuliza Mama Mizani anataka zawadi gani. Akasema, "Niachieni uwanja." Wamemnunulia jokofu.

Nami nina gari, lile kuukuu mnalolicheka. Litalala barabarani. Mdogo wake Bosi ana miaka mitatu, ameanza kuhema, na kliniki yake ni Jumanne ya kwanza ya Julai. Asubuhi hiyo mimi, dereva na wauguzi wawili tutakuwa tumekaa juu ya matairi. Mwenye lori la kokoto aje atumwagie sisi.

Mama Mizani, asante kwa sauti yako, kwa ukali wako, na kwa kuzishusha zile picha. Nenda ukapumzike, uamke saa utakayo, na maisha yako yawe mema na marefu. Ukisikia kelele huku Jumanne, usishtuke. Ni sisi.