Sista King'ora na Wagonjwa Waliomwogopa

Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu, Sista King'ora anavua sare baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, kumi na minne ya mwisho akiwa msimamizi wa kliniki ya kuacha sigara katika wodi yetu ya saratani. Jina hilo tulimpa sisi kwa sababu ya sauti yake. Akikemea mtu kwenye korido, hata mgonjwa aliyelala na dripu alijikuta ananyoosha shuka.

Mwenyewe ameomba tusimpambe. Alisema akikuta sifa tupu ataurudisha ukurasa huu. Basi tunaandika na yale anayoyaonea haya.

Alianza kwa moto. Kila mgonjwa aliyefika mbele yake alipewa somo la mapafu, kisha akaulizwa kama bado anavuta, huku akikodolewa macho. Wote walijibu kuwa wameacha. Mwaka wa pili kliniki yake ikatangazwa bora kuliko zote. Alipewa cheti, akakitundika juu ya mizani, na sisi tukampigia vigelegele.

Kumbe nje ya geti mwenye kibanda alikuwa anavuna. Asubuhi moja alimshukuru Sista kwa moyo mweupe, kwamba siku za kliniki yake sigara na peremende huisha mapema kuliko mkate. Wagonjwa walivuta moja ya kujipa moyo, wakamung'unya peremende, wakaingia kuapa. Sisi tulicheka hadi tukashika mbavu. Yeye hakucheka.

Wiki hiyohiyo kidonda cha fundi seremala mmoja, aliyefanyiwa upasuaji wa taya, kilifumuka mara ya pili. Sigara huchelewesha kidonda kupona, na daktari alikuwa amempasua akiamini neno la Sista kwamba mgonjwa ameacha. Sista alipoketi kando ya kitanda kumuuliza taratibu, fundi alilia. Alikiri kwamba anavuta chooni, na kwamba saratani haikumtisha kama Sista alivyomtisha. Sista alitoka akajifungia stoo ya mashuka. Siku ile aliona aibu hata kutazamana na wafagizi.

Kesho yake alikishusha cheti, akawaomba wagonjwa radhi mmoja mmoja. Akawaganda madaktari kama ruba hadi kila mmoja akakubali kuuliza habari za sigara bila kulaumu, kumpa mgonjwa vibandiko vya nikotini vya kutuliza hamu papo hapo, na kumfuatilia nyumbani. Idadi ya walioacha ikaporomoka, kwa kuwa sasa watu walisema kweli. Wakubwa walimwita ajieleze, naye akakubali kuonekana ameshindwa. Ilichukua miaka idadi ile kupanda tena. Fundi naye aliacha, na taya ikapona, ingawa imepinda. Sista hajawahi kulitazama kovu lile akatulia.

Wiki iliyopita, tukiwa tumekusanyika kumkatia keki ya kumuaga, simu yake iliita. Alikuwa fundi. Amefiwa na mkewe, na baada ya miaka yote hiyo amewasha moja. Alitaka Sista awe wa kwanza kujua. Sista aliweka kisu mezani, akatoka kwenda kuzungumza naye uani, kwa sauti ya chini ambayo hatukujua kama anayo. Keki tuliikata bila yeye.

Dada yetu, asante. Tunakutakia mapumziko yenye afya na usingizi mtamu wa asubuhi. Ila simu, tafadhali, usiizime.