Makopo Ishirini na Manne ya Wellars

Ndugu waombolezaji wa Gisenyi, Kanama na Rugerero, familia imenituma mimi Mbonigaba, shemeji wa marehemu, niwasomee maisha ya Wellars Twagirimana, na ndani yake kuna jambo moja ambalo yeye mwenyewe aliagiza lisirukwe.

Wellars alizaliwa tarehe 14 Machi 1917 huko Kanama, mtoto wa tatu wa Mama Mukamazimpaka, aliyewatibu wengi wenu vidonda kwa majani ya umuravumba, akasoma shule ya misheni tangu 1926 hadi 1931, na mwaka 1938 akaajiriwa kuosha chupa katika maabara hapa mjini, akaifanya kazi hiyo kwa uangalifu mpaka akakabidhiwa mizani. Tarehe 9 Agosti 1941 alifunga ndoa na dada yangu Languida, Mungu akawajalia watoto watano, wawili wakatangulia.

Mwaka 1951 alimpelekea daktari wa maabara majani ya mama yake, wakayakausha kivulini, wakayaloweka kwenye spiriti, wakachuja na kuchuja tena, na baada ya miezi kumi na minne wakapata chembe nyeupe, za kujaza kijiko tu, ambazo ziliua vijidudu vya usaha kwenye sahani ya kioo. Siku hiyo Wellars alirudi nyumbani akicheka peke yake njiani.

Ikabaki kupima kwa watu. Juni 1953 walichaguliwa wagonjwa ishirini na wanne wa vidonda vya miguu, nusu wapakwe mafuta yenye chembe, nusu mafuta matupu, bila wenyewe kujua, ili daktari alinganishe, na kujaza makopo ilikuwa kazi ya Wellars. Kwenye orodha ya mafuta matupu alikuwamo Saidati, mshona nguo wa Mbugangari, ambaye mfupa ulikuwa umeanza kuonekana. "Mutu amekuja na kidonda, mi nimupake mafuta ya bure namna gani?" Wellars alimwambia Languida miaka baadaye, maana siku ile hakumwambia mtu, alizigawa zile chembe kwenye makopo yote, kama mama anavyogawa maharage wageni wakizidi.

Wote wakapona, polepole, na wote sawasawa, basi daktari akaandika kwamba mmea haukusaidia kitu, vidonda vilijifunga vyenyewe, akafunga daftari na kurudi kwao. Mama Mukamazimpaka aliposikia kwamba wasomi wameukataa umuravumba wake, aliung'oa uani, hakumtibu mtu tena, akafariki Februari 1955 akiamini kwamba maisha yake yote alidanganya watu, na mwanawe alikaa kando ya kitanda akashindwa kuungama habari ya makopo. Hilo ndilo lililomla kabla ya ugonjwa wa ini.

Tumbo lilianza kuvimba Oktoba 1957, akalazwa mara tatu, na Jumamosi tarehe 3 Mei 1958, saa tisa alasiri, akakata roho. Aliagiza tuseme hivi, kwamba dawa ya mama haikuthibitika wala haikushindwa, haikupimwa, na kosa ni lake, si la mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliopika na kukesha nasi, wenzake wa maabara, pamoja na Saidati, aliyekuja kwa miguu yake kutoka Mbugangari na amesimama pale nyuma tangu asubuhi.

Pumzika kwa amani, Wellars, hata wale wa mafuta matupu wamekuja kukuzika.