Kokoto na Vioo vya Mteremkoni

Anayewasomea ni shangazi wa marehemu. Maneno ni ya bibi mzaa mama wa marehemu, ambaye shule aliiona kwa nje tu. Wanaomjua bibi huyo wanajua anavyopenda kutia chumvi, na humu ameitia kidogo mwanzoni, maana hata msibani mtu hazuiwi kupumua. Ila kuanzia pale vioo vitakapotajwa, kila neno lipokeeni kama lilivyo.

Marehemu, ambaye wote tulimwita Kokoto, alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Mei 2002, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mpishi wa shule na fundi bomba. Mvua ilikuwa ya kung'oa mabati. Bibi yake amesema siku zote kwamba alitoka tumboni ameshika jiwe mkononi. Mkunga alikana hadi akahama mtaa. Lakini kwamba alipoanza kutambaa alikuwa anajaza mawe mdomoni, hilo lina mashahidi, na wa kwanza ni mama yake, aliyekuwa akimtoa vijiwe kwa kidole kila jioni. Sare zake zote za shule zilitoboka mifuko. Jina la Kokoto alilipata hapo, na hata walimu wakasahau lile la kwenye rejista.

Wazazi walikuwa wanatoka asubuhi na mapema, kwa hiyo alilelewa na bibi yake katika chumba na sebule upande wa tambarare, ng'ambo ya barabara. Dirisha la sebuleni linatazama ule mteremko wenye nyumba zilizopandana kama vyombo kwenye kabati. Siku moja alipokataa kulala mchana, bibi yake alimwambia kile kilima ni ng'ombe aliyejilaza, na kwamba ipo siku atachoka na ubavu mmoja atageukia wa pili. Mtoto mwingine angelia. Kokoto aliuliza, "Atageuka lini?" Bibi yake akasema hajui, na tangu siku hiyo hakupewa nafasi ya kupumua.

Alisoma shule ya msingi ya hapa mtaani, akamaliza sekondari mwaka 2020 akiwa wa kwanza katika jiografia, na Oktoba 2021 akaingia chuo kikuu kusomea jiosayansi ya mazingira na jiografia. Ndugu wengi walidhani ni mambo ya kutaja majina ya mito. Likizo ya kwanza alirudi na nyundo, dira na buti za kutisha. Alikaa uani, akachukua udongo kidogo kwenye ncha ya kidole akautafuna kwa meno ya mbele, akatueleza kwamba ukikwaruza una mchanga, ukiteleza ni mfinyanzi. Mama yake aliweka mwiko chini. "Tumejinyima miaka yote hii," akasema, "kumbe ni ili ukale udongo vizuri." Mama huyo alicheka hadi akakaa chini.

Mwaka wa tatu alimletea bibi yake jibu. Yule ng'ombe, alisema, ni tabaka nene la mfinyanzi lililolalia mwamba laini. Maji ya mvua yakipenya hadi katikati yake, ni kama mtu kakanyaga sabuni. Bibi yake akamjibu kwamba hilo ndilo alilokuwa akilisema tangu zamani, ila yeye alilisema akiwa amelala.

Kazi ya mshahara hakuwahi kuipata. Septemba 2024 alianza mafunzo ya vitendo katika ofisi ya mipango ya mji, chumba cha mwisho cha korido, penye meza moja kwa watu wanne na feni inayozunguka ikijisikia. Humo alikutana na kijana mpima ardhi, mpole, mwenye miguu mirefu. Barua ya posa ililetwa Januari. Bibi yake alitaka kumkataa kwa sababu alikunywa chai bila kusema kitu. Kokoto akasema ndiyo maana anamtaka, nyumbani kwao wasemaji wametosha. Harusi ilipangwa kufanyika baada ya mahafali. Tulikwishaanza kugombana kuhusu sare.

Sasa ni vioo.

Kazi yake ya mwaka wa mwisho ilikuwa kujua kama mteremko unasogea. Kuta za kule juu zina nyufa za zamani, na ufa hausemi kama umelala au unatembea. Kwa hiyo anayepima hukata kipande chembamba cha kioo, akakilaza juu ya ufa na kukigandisha kwa saruji huku na huku. Ukuta ukisogea hata unywele, kioo hakivutiki, kinavunjika. Mwezi wa kumi Kokoto na mpima ardhi wake walipita nyumba hadi nyumba wakibandika vioo. Ofisini walikuwa wamemwonya asije akazua hofu. Basi hakuwaeleza watu vioo ni vya nini. Aliwaambia tu ni vya masomo yake, na akaomba, kwa adabu tuliyomfundisha wenyewe, "Nawaomba sana mnitunzie."

Na watu wakamtunzia. Mteremkoni wanampenda, wengine walimbeba mgongoni. Walivipangusa kwa kitambaa. Walichapa watoto waliocheza karibu navyo. Na kioo kilipovunjika, kila nyumba ilidhani ni yenyewe peke yake. Huyu alifikiri ni mlango uliobamizwa, yule alifikiri ni kabati lililosukumwa, wote wakaona aibu kwamba mtoto wa watu ataadhibiwa chuoni kwa uzembe wao. Wakamwita fundi vioo. Fundi vioo akakata kingine, akakigandisha safi, akaenda zake. Nani kati yetu hajawahi kuficha sahani iliyovunjika kabla mgeni hajaingia?

Kokoto alipozunguka mwezi wa tatu alikuta vioo vizima, vinang'aa. Alikuja nyumbani anaimba. Tarehe 28 Machi aliandika kwenye ripoti yake kwamba mteremko umetulia. Ofisi ikaipiga muhuri. Wenye nyumba walishangilia, na kinyozi wa kule juu akaongeza chumba.

Mvua za mwezi wa nne zikaanza. Tarehe 16, saa za mchana, aliingia kwa Mama Cherehani, mshonaji, kupimwa gauni la mahafali. Alikuwa amesimama na pini mabegani alipoangalia ukutani. Kioo kilichokuwa kwenye ufa kilikuwa na maua. Ni vile vioo vya bafuni, vya ukungu, vyenye maua madogo.

"Mama, hiki si changu," akasema.

"Chako kilivunjika, mwanangu," Mama Cherehani akamwambia, pini zikiwa mdomoni. "Tukaona haya kukuambia. Vile vya kawaida vilimwishia fundi, ila hiki kizuri zaidi, au siyo?"

"Kilivunjika mara ngapi?"

Mama Cherehani alitoa pini mdomoni. Alisema hakumbuki vizuri, lakini fundi amezoea njia.

Kokoto alitoka na gauni likiwa na pini. Aliuliza nyumba ya pili, ya tatu, na kila alipouliza alipewa jibu lile lile kwa uso ule ule wa aibu. Alikwenda ofisini akaambiwa aandike barua. Akarudi mteremkoni, akaanza kugonga milango na kuwaambia watu watoke. Hapo ndipo ripoti yake ikamgeukia. Kinyozi alimwambia mbele ya wateja, "Mwezi jana ulituambia tulale, leo tukimbie. Hiyo elimu yako ina bei ya nyanya?" Watu wakacheka. Baadhi walitoka, kwa ajili ya macho yake tu.

Asubuhi ya tarehe 17 alipanda tena, na bibi yake akapita nyumba za chini. Bibi alijua kwamba ukweli wa Kokoto umeshakataliwa, kwa hiyo alibeba uongo. Alitangaza kwamba shuleni wanagawa magodoro, na ni machache. Nyumba za chini zilibaki tupu kabla hajamaliza uchochoro. Wengi waliokwenda kugombania magodoro yale wako hapa leo, na wapo ambao bado wamekasirika.

Mume wa Mama Cherehani alikuwa mgonjwa wa kitandani. Mkewe alikuwa amekwenda kuleta watu wa kumbeba. Kokoto hakungoja, aliingia kumfunga kwenye shuka. Hapo ardhi ikaondoka. Hakukuwa na kishindo kama watu wanavyodhani. Bibi yake, aliyekuwa chini barabarani, alisikia kama mtu anaburuta gunia, na alipoinua macho nyumba zilikuwa zinatembea zimesimama. Watatu tuliwatoa wakiwa wamekufa, na mgonjwa yule alikuwa mmoja wao. Kokoto alitolewa hai. Mpima ardhi wake ndiye aliyeuona mkono.

Mbavu zilikuwa zimevunjika na tope lilikuwa limeingia kifuani. Alilazwa wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na sinki. Madaktari walijitahidi na tunawashukuru. Siku za kwanza aliongea. Kisha nimonia ikamkaba, akawa anavuta pumzi kama anavuta maji ya kisima kirefu. Bibi yake alimpigia hadithi zake zote. Siku moja alimkatiza.

"Bibi, zile nyumba zilizobaki upande wa juu, wamehama?"

Bibi yake akamwambia bado.

"Kwa nini?"

Bibi angeweza kudanganya, na ni kazi anayoijua. Safari hii alishindwa. Alimwambia ofisi inasema ripoti yake ndiyo iliyopo, na ripoti inasema mteremko umetulia. Mhadhiri wake alikuwa amekwenda kueleza habari ya vioo, akaombwa ushahidi. Vioo vingi viko chini ya tope. Vilivyobaki ukutani ni vizima, na wenye nyumba, wakiulizwa, wanasema havijawahi kuguswa. Wanaogopa wataambiwa wameua.

 Kokoto akasema, "Ripoti yangu ni ya uongo, Bibi. Waambie watu wote. Ila usiwataje majina. Hawakunionea, walinipenda."

Aliaga dunia mchana wa tarehe 2 Mei 2025, kabla hajatimiza miaka ishirini na mitatu.

Wapo wanaosema kule nje kwamba msomi wetu ndiye aliyewalaza watu chini ya kilima. Wanafamilia walikaa, na wajomba wakaomba sehemu hii iondolewe, tuseme tu amekufa kwa ajali. Bibi yake amekataa. Jina la Kokoto linaweza kuvumilia maneno. Nyumba zile za juu hazitavumilia mvua ya mwezi huu, na zina watoto ndani.

Mkuu wa ofisi ya mipango tunamwona amekaa mbele, ahsante kwa kuja. Kabla jeneza halijashushwa, tunaomba kila aliyewahi kumwita fundi vioo kwa ajili ya kioo cha Kokoto asimame pale alipo. Hatutauliza jina wala sababu. Asimame tu, ili bwana mkuu aone kwa macho yake. Mama Cherehani, ambaye naye ana kaburi bichi, amesema atasimama wa kwanza. Fundi vioo amesema atasimama naye. Kinyozi, tunakuangalia kwa upendo.

Marehemu ameacha mama na baba, mdogo wake wa kiume, bibi yake mzaa mama, shangazi, wajomba wawili, mchumba wake mpima ardhi, wanafunzi wenzake na mhadhiri wake, pamoja na familia za mteremkoni, zilizotoka na ambazo bado hazijatoka.

Alale salama mjukuu wetu, mahali pasiposogea. Sasa simameni.