Siku Njia ya Milimani Ilipojibu
Risala ya wafanyakazi wa Chumba cha Viungo na Njia

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya kampuni yetu ya simu. Mkurugenzi na viongozi wa meza kuu. Majirani zetu wa zimamoto na wafanyabiashara wa sokoni. Mabibi na mabwana:

KARIBU HUKU JUU

Tunakukaribisha kwa mikono miwili. Wageni wengi huishia chini, mapokezi, kwenye viti vya ngozi na maua ya plastiki. Wewe umepanda ngazi zote mpaka kwetu, na tumekuona ulivyohema, asante sana. Usishangae kutuona na masweta siku ya sherehe. Mashine zinataka baridi, na sisi tunaishi nazo. Umekuja kuizindua njia ya milimani kuwa njia ya kudumu, na furaha yetu haifichiki.

KAZI YETU

Watoto wetu wakiulizwa shuleni wazazi wao wanafanya kazi gani, hujibu, "Wanaangalia taa." Si uongo, ila si yote.

Mgeni rasmi, kabla simu yako haijalia mkononi mwa unayempigia, vituo vya simu huwa vimeshaongea. Kituo chetu hukiuliza kingine, "Nina mtu wako hapa, nimpitishe?" Mazungumzo hayo hupita kwenye viungo, yaani laini zinazounganisha kituo na jirani yake. Viungo vikishikana mpaka kule unakokwenda, hiyo ndiyo njia. Sisi kutwa tunakagua: kiungo kizima? Njia inapitika?

Watu huchanganya haya mawili. Kiungo ni kama mlango wa nyumba yako. Mlango unaweza kuwa wazi kabisa, lakini barabara ya mbele ikifungwa, hufiki popote. Kengele yetu ya tahadhari, kwa miaka mingi, ilikuwa inasikiliza milango tu.

SIKU SOKO LILIPOWAKA

Ofisi ya zimamoto iko ng'ambo ya mto. Simu kutoka upande wetu huifikia kwa kupitia kituo cha kati. Mchana ule mafundi wa kituo cha kati walikuwa wakifanya matengenezo, na mtambo wao ukautumia wetu ujumbe: simu za ng'ambo zisipitie kwangu. Mtambo wetu ukatii, ukaifunga njia kimyakimya. Kiungo chetu na kituo cha kati kilikuwa kizima, kwa hiyo taa zote zilibaki kijani na kengele haikulia.

Wakati huohuo moto ukashika vibanda vya vitambaa sokoni, upande wetu wa mto.

Msimamizi wetu wa zamu, fundi tunayemwita Mama Kiungo, ana mdogo wake anayeuza vitambaa pale. Simu za upande wetu zilikuwa zinapita vizuri, basi mdogo mtu akampata.

"Dada! Soko linaungua! Zimamoto hawapokei, watu wanawatukana!"

"Inaita bila kupokewa, au inakatika?"

"Inakatika kabla haijaita!"

"Toka humo ndani. Achana na vitambaa, toka!"

Mama Kiungo hakuzitazama taa. Aliiuliza njia yenyewe, na skrini ikamjibu: njia ya ng'ambo, imefungwa.

"Viungo vizima, njia imekufa," alisema. "Naifungua ya milimani."

Njia ya milimani ilikuwa ya akiba, inazunguka mbali na imefungwa kwa amri. Mwenzetu tunayemwita Bwana Subiri, ambaye ndiye anayewasomea risala hii, akafanya kilichompa jina.

"Subiri kwanza. Ile inataka kibali cha maandishi cha Mkuu wa Mitambo."

"Mpigie."

"Nimempigia. Yuko ndani ya ndege."

"Na msaidizi wake?"

"Wamepanda pamoja."

Dirishani moshi ulikuwa umeshapanda juu ya mapaa. Mama Kiungo akavuta kiti. "Basi tuijaribu kwanza, tusije tukawatuma watu shimoni." Akatuma ujumbe wa majaribio kupitia milimani. Tulijibanza nyuma ya kiti chake kama watu wanaotazama penalti. Kisha jibu likarudi kutoka ng'ambo: nimekupata.

Bwana Subiri hakusema subiri. Alisema, "Fungua."

Mkuu wa zimamoto, aliyeketi safu ya mbele, ametusimulia yaliyofuata kwao. Vijana walikuwa wanaosha gari, simu yao imekaa kimya kama imefiwa. Ghafla ikalia, ikawa ukiiweka tu chini inalia tena. Waliondoka na sabuni bado inatiririka kwenye vioo. Vibanda vya vitambaa viliteketea, lakini vya nafaka, viatu, vyombo na mafundi cherehani vyote vikapona, na hakuna mtu aliyepoteza maisha. Habari ilipotufikia tulipiga kelele mpaka mlinzi akapanda mbio kuamua ugomvi. Akatukuta tunakumbatiana, naye akakumbatiwa.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, leo kengele yetu inasikiliza viungo na njia pia. Njia yoyote ikifungwa, hata kwa heshima na taratibu, chumba kizima kinajua. Wenzetu wa vituo vingine wameomba mchoro wake na tumewapa. Wenzetu wa kituo cha kati siku hizi hawashiki bisibisi kabla hawajatupigia, na sisi hatuiamini tena taa ya kijani mpaka tuihoji. Njia ya milimani imepanuliwa, inabeba mzigo wa kweli. Tunajivuna, na tunaomba utusamehe tukijivuna sana.

CHANGAMOTO

Kiyoyozi kinadondosha maji, na tumekiwekea ndoo. Viti viwili havina migongo. Haya tumeyazoea.

Ambalo hatujalizoea ni moja. Wiki ileile ya moto, Mama Kiungo alisimamishwa kazi kwa kufungua njia bila kibali. Kengele unayoisikia ikisifiwa leo aliichora akiwa nyumbani, akatuletea mchoro kwa mkono wa mdogo wake. Sisi tuliiunda na kuiweka ukutani tu.

Hatusemi utaratibu ni mbaya. Njia zikifunguliwa ovyo, simu huzunguka mtandaoni bila kufika, na shida inakuwa ya wote. Ila yeye hakufungua ovyo. Alikagua, akajaribu, akajibiwa.

MAOMBI

Tunaomba msimamizi wa zamu aruhusiwe kufungua njia ya akiba wakati wa dharura, akishaijaribu, kisha atoe taarifa mara moja.

Tunaomba kiyoyozi kitazamwe.

Tunaomba Mama Kiungo arudi kazini.

Mgeni rasmi, maneno yanayofuata hayamo kwenye nakala uliyowekewa mezani. Tumekubaliana wote kuyasema, na kama ni kosa, ni la wote. Mama Kiungo hayuko mbali. Yuko nje ya geti sasa hivi, yeye na mdogo wake, amevaa sweta la kazi. Alikuja kusikia njia yake ikizinduliwa. Mlinzi, yuleyule tuliyemkumbatia, ameamriwa asimpitishe, na ametuambia anaona haya hata kumtazama. Simu ya geti ni hii iliyo mbele yako. Tumeikagua asubuhi. Inapitika. Neno lako moja linatosha.

Mungu akupe afya njema, akurudishe salama kwa wanao na wajukuu, na kila utakapopiga simu ukiwa na shida, akujalie wa kuipokea.

Ni sisi,
Wafanyakazi wote wa Chumba cha Viungo na Njia, waliomo humu chumbani na aliyeko getini.