Mama Bendi: Goti Lake Lilikuwa Zima

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi wanabendi mliosimama kule nyuma na vyombo vyenu, asanteni kwa kufika. Wasifu huu unasomwa na binti mkubwa wa marehemu kwa niaba ya familia. Tangu msiba utokee tumepokea pole nyingi, na baadhi zimekuja na "laiti" ndani yake: laiti asingeumia goti, laiti angeendelea kukimbia, laiti kipaji kile kisingepotea. Pole tumezipokea kwa mikono miwili. Hizo laiti tunawarudishia wenyewe.

Marehemu, ambaye mlimwita Mama Bendi hata kabla hajawa mama wa mtu, alizaliwa alfajiri ya tarehe 3 Agosti 1959, mtoto wa pili kati ya watano wa tarishi wa posta na mshona nguo. Baba yake alikuwa mkimbiaji ujanani, akashika nafasi ya pili mara nyingi kuliko alivyopenda. Siku alipomwona binti yake wa miaka sita akimfukuza jogoo mpaka jogoo akakaa chini mwenyewe, aliona Mungu amemkumbuka.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966 na sekondari mwaka 1973. Kila asubuhi kabla ya masomo alikimbia barabara ya posta, baba akimfuata kwa baiskeli ya kazini, akigonga kengele kwa mapigo yasiyobadilika ili mtoto asilegeze mwendo. Nguzo ya mwisho ikionekana, baba alipaza sauti, "Sasa maliza!" naye alichomoka. Hivyo ndivyo alivyolelewa: ukiona mwisho, ongeza kasi. Alishinda mbio za mita elfu moja na mia tano za shule za wilaya miaka mitatu mfululizo. Vikombe bado viko sebuleni kwa babu, ingawa bibi, Mungu amrehemu, alivigeuza vya kuwekea vifungo.

Mwaka 1978 alijiunga na chuo cha ualimu, na bendi ya chuo ilifanyia mazoezi kwenye uwanja uleule aliokimbilia. Siku chache kabla ya mahafali, mpiga ngoma kubwa aliugua tetekuwanga. Mwalimu wa muziki alikuwa akimtazama marehemu akizunguka uwanja siku zote bila kubadili hatua. "Wewe mguu wako haupotezi hesabu," alimwambia. "Njoo uvae hii ngoma."

Katika bendi ya gwaride kila mguu unafuata ngoma kubwa. Siku ya mahafali alipiga vizuri, barabara nzima, mpaka alipoona utepe na mgeni rasmi kule mwisho. Akafanya alichofundishwa na baba yake: akaongeza kasi. Bendi nzima ikatoka mbio. Tarumbeta zikakata pumzi, mpiga tromboni mmoja mwembamba akaingia mtaroni na chombo chake, na mgeni rasmi akabaki anapungia mkono watu waliokwisha kumpita. "Haraka haraka haina baraka, binti yangu," mwalimu alisema akihema. "Mgeni rasmi hakutuona. Alipigwa na upepo tu." Marehemu alicheka mpaka akalia. Alikuwa ameshinda mbio nyingi, alitusimulia baadaye, na kila alipofika kwenye utepe alisimama peke yake akisubiri wenzake. Siku ile alifika na watu arobaini. Walifika hovyo, wengine bila kofia, lakini walifika wote.

Mwezi Oktoba mwaka 1979 aliitwa kambi ya timu ya taifa. Alikataa. Kocha alikasirika, akamwita baba yake, naye babu akapanda basi hadi chuoni. Alimkuta binti yake kwenye stoo ya vyombo, akikaza ngozi ya ngoma.

"Goti linakuuma?" aliuliza.

"Haliniumi, Baba."

"Kifundo cha mguu?"

"Kizima. Baba, nikikimbia nawaacha watu wote nyuma, halafu nabaki mwenyewe. Huku ninakwenda nao. Nimechagua ngoma."

Babu alikaa juu ya sanduku. "Basi nyumbani nitasema ni goti."

"Sema utakavyo, Baba. Mimi nikiulizwa nitasema kweli."

Na aliisema, maisha yake yote, watu wakamwonea huruma kwa kudhani anajikaza. Goti lile likawa maarufu kuliko mwenyewe. Hata rasimu ya kwanza ya wasifu huu, aliyoiandika mjomba, ilisema "kwa bahati mbaya aliumia goti". Mjomba yupo hapa, anajua tunampenda, na sentensi yake tumeifuta. Goti lake lilikuwa zima. Hakuzuiwa na mtu wala jeraha. Alitaka kitu kingine, akakifuata, na hakuna anayestahili kuhurumiwa kwa hilo.

Alifundisha shule za msingi kuanzia mwaka 1981, kisha mwaka 1987 chuo kilimrudisha kuwa mkufunzi wa muziki na kiongozi wa bendi, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2019. Alikuwa mkali. Mwanafunzi aliyechelewa mazoezi alibeba ngoma kubwa kuzunguka uwanja, na aliyesema imemlemea alipewa na matoazi.

Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na yule mpiga tromboni wa mtaroni, sasa fundi wa vyombo vya muziki. Baba yetu husema alioa ili awe karibu na ngoma iliyomwangusha, aichunge. Walijaliwa watoto watatu, na hakuna hata mmoja anayejua kukimbia.

Mwaka 2011 aligunduliwa kuwa na kisukari. Februari mwaka 2020 mguu wake wa kushoto ulikatwa juu ya goti. Wageni walifurika wodini, wakaulilia ule mguu kana kwamba ni wa kwao. Aliwaacha wakamaliza, kisha akasema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ngoma napiga kwa mkono. Nyie wenzangu mnapigia nini?" Zipo siku alilia pia, na hatutaki kumfanya chuma hapa. Lakini kila Jumamosi wanafunzi walimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mbele ya mstari, naye akamgombeza kila aliyeharakisha.

Aliaga dunia Jumanne asubuhi, tarehe 9 Mei 2023, nyumbani kwake, moyo uliposimama wakati mume wake akimmiminia chai.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, ndugu watatu, na wanabendi aliowafundisha kwa miaka zaidi ya thelathini. Ameacha pia baba yake mzazi, tarishi mstaafu, mwenye umri wa miaka themanini na tisa, aliyeketi hapa mstari wa mbele. Maisha yote babu alimtambulisha binti yake kwa wageni kama "mkimbiaji wangu". Juzi tulimpelekea ukurasa wa kwanza wa programu hii, tukamuuliza tuandike nini chini ya picha. Aliomba miwani. Aliitazama picha kwa muda, akaturudishia karatasi.

"Mpiga ngoma," alisema. "Andikeni hivyo. Kwa herufi kubwa, hata mimi nisome."

Tumeandika. Mungu amjalie mama yetu pumziko lenye amani. Bendi itamsindikiza sasa, na anayetaka kuzililia mbio zake atafute msiba mwingine.