Ngalula Estelle na Zile Moja Kumi na Moja

Baba Padri, ndugu, majirani wa Katuba na ninyi nyote mliofika, mimi Casimir, mtoto wa kwanza wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, Ngalula Estelle, ambaye mwenyewe aliagiza yasomwe pole pole na bila sura za kununa.

Alizaliwa Kambove tarehe 14 Agosti 1953, binti wa mzee Ntumba, aliyetoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, na mama Wivine; alisoma shule ya msingi hapo hapo, sekondari Likasi kwa masista, akapata diploma ya ualimu wa hesabu hapa Lubumbashi Julai 1976, na Septemba ile ile akaanza kufundisha katika shule moja ya wasichana, ambako alibaki miaka thelathini na sita.

Januari 1979 aliandika ubaoni moja kumi na moja zikifuatana, 11 111 111 111, akaeleza kwamba, kwa kuwa kumi na moja ni namba tasa, hii nayo haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, ndipo mwanafunzi mmoja, Mutale, akainua mkono: "Madame, mulisha kuijaribu?"

Hakuwa ameijaribu. Alirudi nyumbani na aibu, lakini na hamu pia, na kwa kuwa hakuwa na mashine ya hesabu alishika kalamu na daftari, akijua tu kwamba kila namba tasa inayoigawanya lazima ibakize moja ikigawanywa kwa ishirini na mbili, akaanza na 23, 67, 89, akapanda hivyo wiki tisa, mpaka 21 649 ikaigawanya bila kubakiza kitu, jibu likawa 513 239.

Akamwomba mwalimu wa jiografia, Floribert, azizidishe upya, naye akazizidisha mara mbili, zikatoka moja zote kumi na moja. Préfet, yaani mkuu wa shule, alimwonya kwamba mwalimu anayekiri kosa mbele ya watoto hataheshimiwa tena, lakini kesho yake mama alisimama ubaoni akasema: "Banafunzi, miye njo nilikosea. Mutale iko na raison, iko sawa," na wasichana wakapiga makofi hata darasa la jirani likaja kuchungulia. Mutale tunaye hapa leo, na yeye ni mwalimu wa hesabu.

Floribert alikawia kurudisha daftari, akizidisha mambo mengine, na tarehe 6 Septemba 1980 wakafunga ndoa, Mungu akawapa Casimir, Deborah, David na Aimé, na wajukuu tisa.

Moyo ulianza kumsumbua 2022, akalazwa Februari mwaka huu, na Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa ametoka kumchekesha Deborah hata uji ukamwagika, alituaga akiwa na miaka sabini na mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia alipokuwa akiwasahihishia hesabu ya dawa, majirani waliopika tangu siku ya kwanza, walimu wenzake, na wanafunzi waliojaza uwanja huu. Mama, baba anasema umemfurahisha miaka arobaini na minne, na sisi tunashuhudia. Upumzike kwa amani.